Bibi yangu anadhani nina mpango wa kando, kumbe ni tinti ya gari

Habari yako mama mshauri,

Naomba usichapishe jina langu wala mtaa, sema tu ni baba wa watoto wawili huku Eastlands. Nina miaka 36. Majibu yako nimeyasoma muda mrefu na sikuwahi kufikiria siku moja nitaandika mimi, tena juu ya vioo vya gari, lakini ndio hivyo.

Mwaka juzi mimi na bibi yangu tulinunua Fielder. Yeye alichukua mkopo kwa chama chao, mimi nikachukua kwa sacco. Tulikubaliana mchana niko kazini Indastria, jioni kuanzia saa moja mpaka saa sita natia gari kwa teksi za simu, na Jumapili ni gari la familia, kanisani, kwa nyanya, hivyo. Karatasi nilifanya zote vizuri, bima ya PSV, yaani gari la abiria, beji, ukaguzi nilienda pale Likoni Road. Kwa hiyo mimi si mtu wa njia za panya, nataka ujue hilo kwanza.

Gari lilitoka Japani na vioo vya nyuma vyeusi, ile ya kiwandani si ya kubandika. Vya mbele vilikuwa wazi. Sasa mwezi wa tatu tulikuwa jam ya Outering, joto la kuua, AC yetu ilikufa kitambo, bibi yangu ameketi mbele amempakata mtoto na kioo kiko chini. Kijana akapita kama anauza maji, akachopoa simu mkononi, na ukucha ukamkwaruza bibi yangu shavu. Mtoto alilia mpaka tukafika nyumbani. Tangu siku hiyo akiingia kwa gari anakaa kama mtu anangoja kupigwa kofi. Akaniambia hapandi tena bila tinti mbele. Nikaenda kwa fundi Kirinyaga Road akabandika nyeusi tii, bibi yangu akafurahi, nikaona nimefanya kazi ya mwanaume.

Ukaguzi ulipofika mkaguzi akasema hiyo karatasi itoke. Nikaibandua, gari likapita, na baada ya wiki moja nikairudisha kwa sababu mama watoto alikuwa amekataa kwenda kanisani. Najua, najua.

Shida yenyewe ni rodibloki. Kuna mahali kwa njia yangu ya kurudi, sitasema wapi, karibu kila usiku ninaofanya kazi nasimamishwa. Tinti. Mwanzoni nilijaribu kuongea kama msomi, nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba tinti ya asilimia 35 inaruhusiwa, nikamwambia afande hii ni 35. Alicheka akamwita mwenzake aje asikie. Usiku huo nilipelekwa kituoni na gari, nikakaa hapo mpaka saa tisa, nikatoa elfu tano wakasema ni ya dhamana, risiti sikuona. Nyumbani nikasema pancha mbili.

Baada ya hapo nikaamua natoa tu soo mbili naenda zangu. Lakini siku hizi hawashiki pesa mkononi, anakuambia tuma kwa hii nambari, na jina linalotokea ni la mwanamke, sijui ni wa duka ama ni nani. Siku ingine akiwa amekasirika ni mia tano. Sasa wiki mbili zilizopita bibi yangu alichukua simu yangu kuangalia kama karo imeenda, akaona M-Pesa imejaa jina la huyo mwanamke. Saa tano usiku. Saa tano na nusu usiku. Mia mbili, mia mbili, mia tano. Akaniuliza ni nani. Nikashikwa na kigugumizi nikasema ni mama wa chapati. Mama mshauri, nilijisikia nikisema. Akaniuliza chapati za mia tano unakula na nani?

Hatujaongea vizuri tangu hapo. Analala akiangalia ukuta. Na mimi siwezi kumwambia ukweli kwa sababu tatu. Kwanza yeye ni mzee wa kanisa na mambo ya hongo hataki hata kusikia. Pili tinti ni yake, nikisema pesa zinaisha kwa sababu ya tinti ni kama nimemwambia ni makosa yake kuibiwa. Tatu kaka yake ni polisi, yuko kaunti ingine, na najua nikisema tu shemeji atapiga simu na sijui hiyo itaishia wapi.

Juu ya hayo yote kazi yenyewe imeshuka. Wateja wengine, sana sana akina dada, gari likifika wanasimama mbali wanachungulia halafu wanafuta safari. Nafikiri ni ushindani tu, madereva wamekuwa wengi.

Sasa niambie, nibandue tinti nipoteze amani ya bibi yangu, ama niiache niendelee kulisha rodibloki? Na hii ya mwanamke wa M-Pesa nimwambieje?

Baba wa wawili, Eastlands

Jibu:

Baba wa wawili, pole sana, na asante kwa kuandika bila kujipaka mafuta. Ile ya chapati imenichekesha, nisamehe, lakini nilipomaliza kucheka nilimwona huyo mama akiangalia ukuta na kicheko kikaisha.

Wacha nikurudishie nilivyosikia, uone kama nimeelewa. Mama watoto aliumizwa ndani ya gari lenu akiwa na mtoto mapajani, na tinti ndiyo njia uliyopata ya kumwambia nimekuona. Tinti hiyo inakugharimu pesa kila usiku. Pesa hizo umezificha, na kwa kuzificha umemfanya atafute maelezo yake mwenyewe, na akayapata. Kwa hiyo hapo naona maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, la vioo na la nyumba, na wewe umeuliza la vioo kwanza. Mimi ningeanza na la nyumba, lakini wacha nikufuate kwa mpangilio wako, kwa sababu naona ndani ya barua yako kuna vitu umevipita haraka.

Hiyo asilimia 35 kwanza. Ni kipimo cha mwanga unaopenya kiooni, na kweli kuna mahali ni sheria, kwa mfano Massachusetts huko Marekani. Ukivuka mpaka tu ukaingia New York inakuwa 70, yaani kioo kiwe wazi zaidi, na Uingereza vioo vya pembeni vya mbele ni 70 pia. Huku kwetu swali ambalo afande anauliza si asilimia ngapi, ni gari la nini. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinataja wazi PSV yenye vioo vya tinti, faini ni shilingi 3,000. Hazijasema nyeusi kidogo ama nyeusi sana. Na wewe umeniambia mwenyewe una bima ya PSV na beji na ukaguzi wa PSV. Sasa najua unasema Jumapili ni gari la familia, na ni kweli kwa moyo wako, lakini karatasi haziangalii saa. Ndiyo maana yule afande alimwita mwenzake, ulikuwa unajitetea na sheria ya watu wengine.

Kwa hiyo nikuulize kwa upole: kama unahisi unaonewa rodibloki, ni kuonewa kwa sehemu gani? Kukusimamisha na kukuambia tinti ni kosa, hapo sioni kuonewa. Kukuambia tuma kwa nambari ya mwanamke usiyemjua, hapo ndipo kuna uozo. Ukiyachanganya haya mawili utakasirikia kitu kisicho sahihi, na pia utashindwa kulalamika kwa kitu ambacho una haki kabisa ya kulalamikia.

Halafu akina dada wanaofuta safari. Kaka, mimi ni mwanamke wa Nairobi. Nimesimama nje ya hospitali saa tano usiku, simu ina asilimia nne, gari likafika ambalo siwezi kuona ni watu wangapi wako ndani. Nilirudi nyuma nikajifanya napokea simu. Dereva pengine alikuwa baba wa watoto wawili kama wewe, sikujua, na hiyo ndiyo shida yenyewe, singeweza kujua. Unakumbuka 2014, mwezi wa tano, mabasi mawili yalipolipuliwa Thika Road? Serikali ilikaza kamba kuhusu tinti za magari ya abiria kipindi kile kile, watu waweze kuona ndani. Sisemi madereva hawajaongezeka, wameongezeka. Nasema tu hebu jiulize kama hao wanaochungulia wanaangalia ushindani ama wanaangalia kioo. Tinti ile ile inayomtuliza mke wako inamtisha mke wa mtu mwingine.

Na sasa kile kitu ulichokipita haraka kabisa. Kioo kilikuwa chini. AC ilikufa kitambo. Nimesoma sentensi hiyo mara tatu. Yule kijana hakuvunja kioo, aliingiza mkono, na hata tinti ingekuwa nyeusi kama sufuria ya makaa, kwa joto lile mngekuwa mmekishusha. Sitaki kudharau hofu ya mama watoto, hofu haiulizi hesabu, na pengine kwake ile giza yenyewe ndiyo inamfunika, hilo ni yeye tu anaweza kusema. Lakini je, mmewahi kuketi mkaongea ni nini hasa kinamtisha? Ni mkono kuingia? Ni kuonekana? Ni mtoto? Kwa sababu kila moja ina dawa yake. Kama ni mkono, basi AC ikirudi na vioo vikae juu mpaka mpite jam, umetibu sehemu kubwa. Pengine ni gesi tu, pengine ni kompresa na hapo bei inapanda, muulize fundi wa AC mwenyewe. Kama ni kioo kuvunjwa, kuna karatasi ya usalama isiyo na rangi, angavu kabisa, inabandikwa ndani na kioo kikipigwa kinapasuka lakini kinashikana badala ya kumwagika. Ziko hata zinazozuia miale ya jua bila kuwa nyeusi. Kama ni kuonekana tu, hapo hizi hazitasaidia sana, na ni heri kujua mapema.

Vile vioo vya nyuma vya kiwandani nisikudanganye, haviwezi kubanduliwa kwa sababu rangi iko ndani ya glasi. Mkaguzi alinyamaza juu yake, lakini usichukue kimya chake kuwa ruhusa. Ukienda tena Likoni Road muulize waziwazi ujue umesimama wapi.

Tuje kwa hizo pesa. Umesema karibu kila usiku wa kazi. Tuseme usiku nne kwa wiki, soo mbili, hiyo ni 800, kwa mwezi ni zaidi ya 3,000 hata bila zile siku afande ameamka vibaya. Ni faini nzima ya mahakamani kila mwezi, na huna karatasi ya kuonyesha. Najua utaniambia ukilipa faini leo, kesho tinti bado iko na unasimamishwa tena, na siku ya mahakamani ni siku ya kazi imepotea. Ni kweli. Sitajifanya njia ya mahakama ni tamu. Lakini njia unayoitumia ina jino lake pia, Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na anayetoa, na wewe unayetoa unatoa kwa M-Pesa, na jina lako, na saa. Umekuwa ukiandika ushahidi dhidi yako mwenyewe kila usiku.

Ile elfu tano, kama hakuna risiti haikuwa dhamana. Dhamana ya kituoni ina risiti, ina tarehe ya mahakama, na ukihudhuria hurudishwa ama hesabu yake inajulikana. Ukijikuta tena kituoni, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa kosa lako kwa lugha unayoelewa, haki ya kumpigia wakili au mtu wako, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Sema hayo kwa utulivu, si kwa kidole. Na hata pale barabarani, simama pembeni vizuri, shusha vioo vyote, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, habari ya kazi afande, kosa ni gani? Akisema tinti na kweli ipo, huna haja ya kubishana, mwambie uko tayari kuandikiwa. Wengine wakisikia hivyo wanakuachilia, wengine wanakasirika na usiku unakuwa mrefu. Zote mbili nimeziona, moja ikiwa ya mpwa wangu ambaye alilala kituoni na viatu mkononi.

Kulalamika kuna nafasi yake. EACC, wale wa kupambana na rushwa, wana nambari ya bure 1551, na IPOA, wale wa kuchunguza polisi, 1559. Ila fikiria hivi, utapiga ukiripoti hongo uliyotoa wewe mwenyewe, na kesho yake utapita njia ile ile. Kama utafika huko, ongea na wakili kwanza hata kwa nusu saa. Na ukibandua tinti ukaendelea kuombwa pesa, hapo malalamiko yako yana miguu miwili mizuri ya kusimama.

Shemeji je? Nakuelewa unavyoogopa. Anaweza kupiga simu ukapita wiki mbili bila kuguswa, halafu zamu ibadilike ama mtu aone umemchongea, na sasa shida yako imekuwa shida ya kazi yake. Na pia utakuwa na deni kwa wakwe ambalo halilipiki kwa sacco. Lakini kumbuka kuna shemeji wa kupiga simu, na kuna shemeji wa kuuliza tu, kaka hii kitu inakuwaje. Huyo wa pili huenda akakusaidia.

Kuna pia njia ambayo hukuitaja, kuacha teksi gari libaki la nyumbani. Faini ile ya PSV ingekuondokea, ingawa bado ungesimamishwa mara moja moja uulizwe. Lakini mkopo wa chama unalipwa na nini? Hesabu hiyo ifanyeni wawili, na kalamu.

Sasa nyumbani. Ulinipa sababu tatu za kutosema. Nimezisoma vizuri na zote zinahusu atakavyokuona akijua. Lakini anakuona sasa hivi, kaka. Anakuona na mwanamke. Mzee wa kanisa anayechukia hongo, ukimwekea mezani hongo na mpango wa kando achague kimoja, unadhani atalia kwa kipi? Sijui, mimi simjui. Wewe unamjua.

Hiyo ya pili ndiyo inaniuma, kwamba utaonekana unamlaumu kwa kuibiwa. Inategemea utaanzia wapi. Ukianza na "hii tinti yako inatumaliza," umeshapoteza. Ukianza na usiku ule wa kituoni, ulivyokaa mpaka saa tisa, ulivyorudi ukasema pancha kwa sababu hukutaka aogope tena, hapo unaongea juu yako wewe. Mwonyeshe simu yenyewe, jina lile lile, halafu uiweke na ramani ya safari zako za usiku huo, saa zitalingana na mahali pale pale. Si lazima akuamini siku hiyo. Ameshaambiwa chapati, ana haki ya kukagua. Akinyamaza usijaze ukimya na maneno.

Usimwambie watoto wakisikia, na usimwambie Jumapili asubuhi mkijiandaa kwenda kanisani. Ningechagua usiku ambao huendi kazini, gari likiwa limeegeshwa. Mengine pengine mngeongea mkiwa mmeketi ndani yake, yeye pale pale mbele, umuulize vioo vikiwa juu na AC inafanya kazi angejisikiaje. Akisema bado anataka giza, basi mna kazi ya kupanga pamoja, na angalau atakuwa anajua bei yake.

Na fundi wa AC muulize wiki hii. Niandikie amesema ni gesi ama ni kompresa.